Nilichokisema Kisimani

Miteja, Kilwa
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua ungependa barua ianze na Tumsifu Yesu Kristo, kama barua zote zilivyoanza nyumbani kwetu enzi za baba, lakini umeshanizoea, na shikamoo yangu inatoka moyoni. Itikia marahaba kwa sauti ili Antonia asikie, halafu usimpe barua hii mpaka uwe umeisoma mwenyewe hadi mwisho. Miwani iko nyuma ya redio, ndani ya kopo la majani ya chai. Usianze kumsingizia paka.

Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea Pasaka unaipaka, au umeshampa jirani kama ulivyofanya na ya kwanza? Na Antonia je, bado anagombana na wateja wake dukani halafu anashangaa kwa nini wanaenda duka la pili? Mwambie namsalimu, na kwamba kaka yake ni mzima. Mikono yote miwili ipo na miguu ipo, ila viganja vina malengelenge, na sababu yake utaiona huko mbele.

Tulipoongea kwenye simu Jumatano ulilia kwa furaha mpaka sikupata upenyo wa kusema neno. Uliniambia kwamba jumuiya nzima hapo Mtanda imeshasikia. Likwata, mlinzi wetu wa shule, alimpigia Antonia siku yenyewe ya tukio akamweleza kwamba mwalimu Leonadi, yule asiyesali, amesali kisimani kwa sauti mpaka watu waliosimama juu wakatoa machozi. Ukaniambia Misa ya shukrani imeshaandikwa Jumapili ya tarehe 29, Antonia ameshachukua vitenge vya sare, na mimi nitasimama mbele ya watu nishuhudie jinsi nilivyorudi kundini. Nikakohoa. Ukasema nikapumzike. Mama, sikuwa na kikohozi.

Unakumbuka arobaini ya baba? Watu walipokwisha kuondoka, tukabaki mimi na wewe tunaosha sufuria, nikakwambia kwamba sisali tena. Hakuna aliyenikosea, wala sikumkasirikia mtu. Imani yangu iliisha kama sabuni inavyoisha mkononi, siku moja unaikuta haipo. Nilidhani utalia. Wewe ukaendelea kusugua sufuria, ukanijibu kwamba sawa baba, ila siku maji yatakapokufika shingoni utamwita Mungu bila kuambiwa. Nikacheka, nikakuahidi kwamba siku hiyo ikifika nitakuandikia kwa mkono wangu, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Siku imefika. Hii ndiyo barua yenyewe.

Shule yetu ilipata kibali cha kuchimba kisima, nami ndiye niliyepewa kukisimamia. Fundi ni Ridhiwani, Mmatumbi mfupi mwenye mabega mapana, ambaye amechimba visima karibu vyote vya upande huu na hajawahi kumaliza sentensi bila kumtaja Mwenyezi Mungu. Siku ya kwanza alifukiza ubani, akasoma dua, mkewe Mboni akagawa uji kwa watoto. Mimi nilikunywa uji. Likwata, ambaye ni mtani wake, alimwambia Ridhiwani achimbe vizuri maana hilo ndilo kaburi lake, na wote tukacheka kama watu wanavyocheka kwenye utani.

Sasa sikiliza kosa langu, maana Likwata hakumsimulia Antonia sehemu hii. Ukuta wa kisima huku hushikwa na pete za zege, na pete zetu zilikuwa zimefyatuliwa lakini hazijakauka. Ridhiwani alitaka tungoje wiki nzima, akasema udongo uliotoka kunyeshewa masika yote hauaminiki. Mimi nilitaka kazi iishe kabla shule haijafungwa. Nikaokota bonge la ule udongo mwekundu, nikalifinyanga mbele yake, nikamsomesha habari za udongo wa mfinyanzi na jinsi unavyoshikamana, kama ninavyowasomesha kidato cha pili. Nikamwambia kwamba hadi futi thelathini hakuna hatari. Halafu akasema kwamba mwalimu umesoma, mimi nimechimba tu. Akashuka.

Jumanne ya tarehe tatu, saa tatu asubuhi, akiwa futi ishirini na tano, ukuta wa upande mmoja ulimeguka. Chini ya ule mfinyanzi wangu kulikuwa na mchanga, Mama. Ulimwagika ukamfunika mpaka kifuani, mkono mmoja ndani, mmoja nje.

Nilishuka mimi. Usiniite shujaa hapo jumuiyani, tafadhali. Nilishuka kwa sababu kila mtu pale juu alijua ni nani aliyesema udongo utashika, na hakuna aliyelisema, na kutosema kwao kuliniuma kuliko matusi. Walinifunga kamba kiunoni wakaniteremsha na ndoo. Nilianza kumchimbua kwa sahani ya bati, lakini kila nilipotoa sahani moja ziliingia mbili, na kutoka juu mchanga ukawa unachuruzika. Ridhiwani akaniambia niache. Alisema, kwa sauti ndogo sana, kwamba litafutwe pipa la mafuta, likatwe juu na chini, lije livalishwe kichwani mwake mpaka liguse mchanga, kisha tuchimbe humo ndani. Ndivyo alivyofundishwa na aliyemfundisha kazi. Pipa lilikuwako barabarani kwa mchomeleaji. Kulileta na kulikata kulichukua zaidi ya saa mbili.

Hizo saa mbili ndizo unazotaka kuzijua.

Nilikaa juu ya ubao walionishushia, nimeukinga uso wake kwa karai. Alikuwa akisoma shahada, tena na tena, kisha mchanga ukambana na pumzi ikapungua. Akanishika kidole kwa ule mkono uliokuwa nje. Aliniomba nisinyamaze. Alisema yeye atasoma ndani kwa ndani, ila mimi nitoe sauti, yoyote ile, kwa sababu kukiwa kimya anajisikia yuko kaburini tayari.

Nikaanza na jedwali la saba. Usicheke. Nilipofika saba mara kumi na mbili nikaingia la nane na la tisa. Nikaita majina ya kidato cha pili kama ninavyoita asubuhi, wasichana kwanza. Nikataja mikoa yote na makao makuu yake. Kutoka juu Likwata naye akawa anapiga kelele kwamba Ridhiwani akifa yeye hatatoa hata uzi wa sanda, kwa hiyo afanye hesabu zake vizuri, na nakuapia ukweli, yule mtu aliyefukiwa alitabasamu. Lakini Likwata naye utani ulimwishia. Nikasikia Mboni analia huko juu. Mchanga ukaanguka tena, kama debe moja hivi, ukamfika mabegani, na mimi kichwani sikuwa na jambo lolote lililobaki.

Ndipo ikatoka rozari.

Sikuichagua. Ilitoka yenyewe, Salamu Maria baada ya Salamu Maria, kwa mwendo wako, ule wa kuvuta pumzi katikati kama mtu anayepanda kilima. Nikaona ule mwendo unamfaa: mimi nikisema neno la kwanza yeye anavuta pumzi, nikisema amina anaitoa. Kwa hiyo sikuthubutu kuacha. Shahidi wangu ni Ridhiwani mwenyewe, Mwislamu safi, aliyepumua kwa rozari ya watu wengine mpaka saa sita kasoro. Pipa likashuka, likamvaa, tukachimba ndani yake, na kabla ya alasiri alikuwa juu, amelala kwenye turubai, mguu mmoja umevunjika na mbavu mbili zimepata ufa. Likwata alilia kama mtoto, na alipomaliza kulia akatangaza kwamba Ridhiwani amebatizwa kwa mchanga, na yeye ndiye msimamizi wake.

Hivyo ndivyo watu walivyosikia, na hawakusema uongo. Ila waliokuwa juu walisikia sauti tu, na wewe nilikuahidi yote.

Mama, sikurudi kundini. Nimelipima hili kwa siku kumi na moja, kwa sababu ningependa sana kukupa jibu lingine. Mle kisimani nilimtafuta Mungu, nakiri, kama mtu anavyopapasa mfukoni kutafuta kitu anachojua hakimo. Sikumkuta. Nilihisi mchanga shingoni na kidole cha Ridhiwani. Nilipotoka nje sikupiga magoti, nilitapika. Na siku iliyofuata niliamka nikiwa mtu yule yule. Najua hapa unavua miwani. Ivae tena, kuna jambo moja limebaki, na hilo ndilo gumu kwangu kuliko kisima.

Nyumba yetu ya Mtanda ukuta wa chumba chako haufiki bati. Tangu nikiwa chuoni, kila nikija likizo nalala chumba cha pili, na wewe unaamka kabla ya adhana ya kwanza, unaketi kitandani na rozari yako. Unadhani nimelala. Sijawahi kuwa nimelala. Nilikuwa nikivuta shuka mpaka masikioni na bado nilisikia. Na ninajua kwamba baada ya kila fungu la Salamu Maria kumi unaongeza maneno yako mwenyewe yasiyoandikwa katika kitabu chochote. Unamtaja baba. Unamtaja Antonia na hasira zake. Kisha unasema, kwa sauti ile ile unayoombea chumvi kwa jirani: na huyu Leonadi wangu, mshike, hata kama hataki kushikwa.

Miaka yote hiyo sikukwambia kwamba nasikia. Mwanzoni nilikasirika, nikaona unanisema kwa mtu wa tatu. Baadaye niliona haya. Siku hizi nikiwa huku Miteja naamka saa hizo hizo bila sababu, nasikiliza, na nyumba iko kimya.

Mle kisimani, nilipomaliza fungu la kwanza, maneno hayo nayo yalitoka. Yote, pamoja na jina langu. Nilijisikia nikisema, na huyu Leonadi wangu, mshike, hata kama hataki kushikwa. Nikashtuka. Kisha nikamwongeza Ridhiwani. Na kila baada ya fungu nikayarudia, namshika mtu kidole, machozi yananitiririka juu ya karai. Sikuwa namwambia Mungu, Mama. Nisingejua pa kuyaelekeza. Lakini pia sikuwa nayasema hewani. Wakikuuliza jumuiyani kama Leonadi alisali, wajibu kwamba ndiyo, kuna mtu alisali mle kisimani, na mtu huyo alikuwa mama yake, Marietha. Mimi nilikuazima mdomo tu.

Misa usiifute, nakuomba. Uhai wa Ridhiwani unastahili shukrani, nami nitakuja tarehe 28 na nitakaa karibu yako na shati la kitenge hata kama Antonia amelishona la kubana. Ridhiwani anasema wakimruhusu hospitali naye atakuja na magongo yake, akae benchi la nyuma, kisha adhuhuri aende kuswali msikitini, na Likwata atamsindikiza ili asije akaibiwa na mapadri. Ila nikisimama nitasema jinsi nilivyompa fundi ushauri mbaya na jinsi alivyonisamehe kabla sijamwomba. Hilo nitalisema mbele ya watu wote. La kurudi sitalisema, na padri umweleze mapema ili asiningoje kwenye komunyo. Nisamehe kwa aibu itakayokupata. Ningeweza kukudanganya, na ungefurahi, na kila alfajiri ningejua nimekudanganya.

Sababu ya malengelenge ni ufuta. Shamba la Ridhiwani limekomaa na yeye kalala, kwa hiyo tangu shule ifungwe nakata pamoja na Mboni, tunafunga matita na kuyasimamisha yakauke. Nakata vibaya, Mboni anasema ng'ombe angekata vizuri zaidi, lakini tumeshavuka nusu. Pete za kisima zimekauka. Ridhiwani ameagiza kutoka kitandani kwamba mtu asiguse hadi yeye apone, na safari hii nimetii.

Nakuletea kilo tatu za ufuta, Mboni ndiye kautoa, anakusalimu kama mama yake mzazi. Barua hii anakuja nayo mwalimu mwenzangu Abdulrazak, mpe chai, na usimuulize lini anaoa. Msalimie Antonia, wasalimie majirani wote wa pale mtaani, na yule paka pia.

Nikija nitalala chumba kile kile. Alfajiri ukikaa na rozari yako usipunguze sauti kwa ajili yangu, na pale penye jina langu usiparuke. Sitakuwa nimelala.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Leonadi Sebastiani