Kibao cha Nyumba ya Babu

Jumapili, 12 Januari
Chai ya mama, dawa zake, mkate wa ufuta. Kisha simu kutoka baladiya, halmashauri ya mji. Mtaa wa kale wa Ibra, hapa Oman, unawekwa vibao vya historia, kimoja kila nyumba kubwa. Nyumba ya Babu imo. Nimefurahi kama mtoto.

Jumanne, 14 Januari
Nimeyasoma maneno yao. Babu, safari zake za Unguja, karafuu zake, wanawe wa kiume. Bibi Mwanakheri hamna. Aliletwa hapa kutoka Makunduchi baada ya mapinduzi, akaishi nyumba ile, akafia mumo humo. Hamna.
Nimemsomea mama. Bibi ndiye aliyemzaa. Alikunja leso, akaikunjua.
Bibi alikuwa akinipandisha juu ya paa, ananiuliza bahari iko upande gani. Ibra haina bahari; nikimwonyesha upande wowote.

Alhamisi, 16 Januari
Binamu yangu Hamed ndiye msemaji wa warithi. Nimempigia. Ati jina la mwanamke haliandikwi njiani, aibu. Hiyo sababu ya mdomoni. Ya moyoni naijua: Bibi alikuwa mweusi, na Hamed anamwoza binti yake mwezi ujao, kwa watu wanaochagua damu. Nimekasirika mno.

Jumamosi, 18 Januari
Hamed kaja na halwa.
"Shikamoo, shangazi."
"Marahaba. Kaa." Mama hakuigusa halwa. "Mama yako alipougua, Hamed, nani alikubeba mgongoni?"
"Bibi Mwanakheri, Allah yarhamha."
"Ulipoanza kusema, ulisema lugha gani?"
"Kiswahili."
"Basi muandike."
"Shangazi, harusi iko karibu. Wakwe watasema nini?"
Akaondoka, kahawa yake nusu. Mama akalia. Sijamuona akilia tangu baba alipofariki.

Jumatano, 22 Januari
Hamna habari. Mama anazungumzia Makunduchi tu kutwa. Kisima chao, shoga zake, harufu ya dagaa wakianikwa. Anataka kwenda. Daktari kakataa, moyo wake hauwezi ndege.
Mimi niliondoka Unguja nimo tumboni. Sikuwahi kurudi. Na bado napatamani. Nina hamu ya mahali nisipopajua, na sina wa kumwambia.

Jumapili, 26 Januari
Baladiya wamepiga. Hamed kaenda mwenyewe, bila kuniambia, kaongeza mstari: Na hapa aliishi mkewe Mwanakheri, wa Makunduchi, Unguja, aliyewalea watoto wa nyumba hii.
Nikampigia. Wakwe je?
"Nimewaambia kweli. Wamenyamaza. Tutaona."
Sauti imechoka. Nimemuonea huruma, na nimempenda.

Alhamisi, 6 Februari
Kibao kimewekwa. Tumempeleka mama na kiti chake cha magurudumu, Hamed anasukuma. Harusi ipo, lakini jamaa wengine wa bwana harusi hawaji. Alisema hivyo tu, akaendelea kusukuma.
Mama akataka nimsomee mstari wa Bibi. Nikausoma. Akataka tena. Akapitisha kidole juu ya jina, taratibu.
"Alitaka kurudi kwao," akasema. "Kila siku. Hilo hawakuliandika."
Hamed akakisogeza kiti kivulini. Tukakaa pale, sote watatu, mpaka mama akasema ana njaa.