Kijaluba cha Jiwe la Homa

Toronto, Februari 1998

Bibi yangu,

Jumamosi nilikiona kijaluba chako kwenye jumba la makumbusho. Si chako, ni pacha wake: dhahabu iliyotobolewa majani na ndege, mviringo kama yai la bata, kimesimama kwa vijiguu vitatu nyuma ya kioo. Ndani mlikuwa na jiwe la Goa, lile ambalo wazee waliamini linaondoa homa na sumu. Laini, zima kabisa. Watu walisifu kijaluba. Mimi nililihurumia jiwe, halikuwahi kukwanguliwa kwa ajili ya mtu.

Unakumbuka baridi yetu ya kwanza, kule mtaa wa Don Mills? Nilikuwa na miaka tisa, homa imenipanda, theluji inaanguka bila sauti nami nikidhani mbingu inamomonyoka. Ulikifungua kijaluba, ukakwangua jiwe kwa kisu kidogo, kwaru, kwaru, ukauchanganya unga wake na maji.

"Kunywa, mwanangu. Hili lilimponya mama yangu mimi sijazaliwa."

Lilinukia udongo na miski. Nililala nikaota ndege wa dhahabu wakitoka mmoja mmoja kwenye matundu yao.

Miaka kumi baadaye ukaugua wewe, moyo umechoka. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma kemia, najiona najua. Nilikuwa nimesoma kwamba mawe hayo hayachimbwi, watu waliyafinyanga kwa udongo na makombe na vitu ambavyo hakuna anayevijua vyote. Niliogopa jiwe lako lisije likagombana na dawa zako. Ulipoliomba, ningeweza kukwambia hivyo. Badala yake niliingia jikoni, nikakwaruza kisu kwenye kitako cha sahani ili usikie, nikakukorogea unga wa ngano.

Ulionja. Ukanitazama.

"Jiwe la leo lina ladha ya chapati."

"Labda limezeeka, Bibi."

"Enhe. Kama mimi." Ukacheka mpaka ukakohoa, kisha ukanywa hadi tone la mwisho. "Haya, nimepoa. Ahsante, daktari wangu."

Wiki ile ile ukaondoka.

Siamini jiwe lingekuongezea hata siku moja. Kinachoniuma ni kwamba uliniomba kitu chako, nami nikakupa mlio wa sahani. Na mpaka leo sijui kama ulinisamehe, au ulinisitiri tu.

Niliporudi nyumbani kutoka makumbusho nilikifungua kijaluba chako. Upande mmoja wa jiwe umelika, umejaa mikwaruzo, yako na ya waliokutangulia. Wangu haukuwemo hata mmoja. Nikachukua kisu chako, nikakwangua kidogo, nikakoroga. Harufu ni ile ile. Nje theluji ilikuwa inaanguka polepole, na kwa muda nilikuwa na miaka tisa, mkono wako kwenye paji langu.

Nimekunywa nusu. Nusu yako iko dirishani, kwenye kikombe chako cha maua. Safari hii, Bibi, ni jiwe lenyewe.

Pumzika,
Mjukuu wako, yule wa unga