Kutoka Goli Hadi Goli

Jorodom, Katesh
Jumatatu, 14 Julai 2025

Mdogo wangu Fransiska,

Marahaba. Najua umeshatamka shikamoo kaka kabla hata hujaikunjua karatasi hii vizuri, kwa hiyo naitikia mapema. Hujambo? Baba na mama hawajambo? Mahindi yameshaingia ndani yote au bado mnapukuchua? Wape wazee shikamoo zangu, na shangazi Marieta mpe yake, ingawa nina neno naye na utaliona huko mbele. Mimi ni mzima wa mwili. Huku baridi ya mwezi wa saba inatuuma, lakini chumba changu ni kile kile, na ukuta wa nyuma ambao tope lililoporomoka mlimani liliuacha umesimama, bado umesimama. Shule imefunguliwa. Wanafunzi wamerudi wazito, na mimi mwalimu wao wa michezo nikiwaambia wakimbie raundi mbili wananiangalia kama nimewatukana.

Utashangaa kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Nimepiga mara tatu tangu Jumatano. Kila nikipiga anapokea baba, anaweka sauti ya nje, na nyumba nzima inakusanyika kunisikiliza kama taarifa ya habari. Mara zote tatu nimeishia kuuliza bei ya maharage. Ninayotaka kusema leo hayasemeki hivyo, ndiyo maana nimempa barua hii Hasani, yule mfanyabiashara anayekuja kununua maharage kwenye mnada wenu Alhamisi. Nimemwambia aiweke mkononi mwako mwenyewe, asimpe mtu mwingine hata akiambiwa wewe umekwenda shamba.

Fransiska, nina hasira. Nimekaa nayo tangu Jumapili ile niliyokuja nyumbani bila taarifa. Nilikuwa bado juu kwenye njia ya kanisani nilipokuona unateremka kisimani na ndoo, unateremka kinyumenyume. Kwanza nilidhani unafanya utani na wenzako. Nikatafuta wenzako, sikuona mtu. Ulikuwa peke yako, unaangalia juu mlimani huku miguu inatafuta njia nyuma yako, na mkono mmoja umeshika majani. Nilipofika nyumbani nikamuuliza mama. Akaniambia, tena anacheka, kwamba ndivyo unavyoshuka tangu ulipoanguka, maana ukishuka kwa mbele goti linakutupa, lakini nisiwe na wasiwasi kwa sababu unatembea mwenyewe, hujabebwa na mtu.

Hujabebwa na mtu! Hilo ndilo neno la nyumba yetu sasa.

Mengine nilikuvuta wewe mwenyewe ukanieleza kidogo kidogo, kama anayetolewa miiba. Kwamba kwenye mchezo wa netiboli wa nusu fainali uliruka ukadaka, ukatua kwa mguu mmoja, mwili ukageuka kumtafuta mfungaji na mguu ukabaki ulipo. Kwamba ulisikia ndani ya goti mlio wa kijiti kikavu. Kwamba jioni goti lilikuwa kubwa kama boga. Kisha shangazi Marieta akaja na mafuta yake ya kondoo, akakukalia mguu na kukuvuta mara mbili, akasema mshipa umerudi mahali pake. Mwambie shangazi namheshimu, amechua migongo ya nusu ya kijiji chetu cha Masieda, lakini kitu kilichokatika hakirudishwi kwa kuvutwa. Alikuwa anavuta kamba iliyokwisha kukatika.

Na siku ya nne Mzee Gidabuday akakuita uwanjani, akakutembeza.

Wewe unajua kutembezwa ni nini, lakini acha niliandike hapa jambo hilo lilivyo, maana likikaa kwenye karatasi ujinga wake unaonekana. Mchezaji ameumia mguu. Kocha wetu hamuulizi unauma wapi, hamshiki, hamgeuzi. Anamsimamisha chini ya goli moja, anamwambia atembee hadi goli la pili, mstari ulionyooka, bila kushikwa na bila kuchechemea. Timu inapanga mistari miwili, wanapiga makofi taratibu. Akina mama wanangoja na vigelegele vyao. Akifika goli la pili, amepona. Anafungwa kitenge kwenye goti, anaingia kucheza. Mzee anasema mguu mbovu hautembei, na hakuna mtu kata nzima aliyewahi kumbishia, hata mwalimu, hata mganga wa zahanati.

Pascal alitembezwa mwaka juzi. Alifika goli la pili, akapigiwa vigelegele, akacheza dakika kumi na moja. Leo ana miaka ishirini na minne na anachunga mbuzi kwa fimbo ya kuegemea, kulima hawezi, kupanda pikipiki hawezi. Na watu wanasemaje juu yake? Wanasema Pascal alikosa moyo. Nilimsikia baba kwa masikio yangu akisema hivyo huku Pascal yuko hatua tano tu kutoka pale tulipokaa. Nilinyamaza. Hasira yangu na baba ilianza siku ile, lakini nilinyamaza, na nitakueleza kwa nini nilinyamaza.

Yule daktari wa mifupa niliyekupeleka kwake alitueleza kwa upole kuliko tulivyostahili. Alikulaza, akashika mguu chini ya goti, akauvuta, na mimi nikaona kwa macho yangu mfupa wa chini ukija mbele kama droo ya meza. Akavuta mguu mzima, haukuja. Akasema kano ya ndani inayoshikanisha mifupa miwili imekatika yote. Kisha akasema jambo ambalo limenikosesha raha tangu siku ile: kwamba goti la namna hii linatembea vizuri kabisa kwenye mstari ulionyooka. Uvimbe ukishuka mtu anatembea, anabeba maji, anapanda mlima. Linachoshindwa ni kugeuka, kutua na kushuka. Yaani Fransiska, katika mambo yote ambayo mguu unaweza kufanya, Mzee Gidabuday amechagua kupima lile moja ambalo goti lililokatika linafaulu. Na netiboli yenyewe ni nini kama si kutua na kugeuka? Daktari akasema ukiendelea kucheza, kila likiteleza linasaga kile kilaini kinachokaa kati ya mifupa, na kikiisha hakioti tena. Ukifika miaka thelathini utakuwa na goti la bibi.

Na wewe ukamjibu nini? Ukamwambia haliumi. Ukamwambia Jumamosi ni fainali Dongobesh, na wanakuja watu wa timu kubwa ya Arusha kuchagua wachezaji wawili, na nafasi hiyo hairudi. Hata na wewe nina hasira, nikwambie tu. Daktari ameacha foleni ya watu ishirini anakueleza, na wewe unatazama saa ya ukutani. Halafu ukanigeukia mbele yake ukasema kaka, mbona wewe ulicheza. Mbona la kwako lilikatika ukacheza na ukafunga.

Ukatoka nje kwa hasira kuvaa viatu, nikabaki na daktari.

Nilipotoka uliniuliza alichosema, nikakwambia amenipima na mimi, akasema goti langu lilikatika kweli lakini lilijishika lenyewe baada ya muda. Uso wako ulifunguka. Ukasema basi na langu litajishika. Njia nzima kwenye basi ulikuwa unaimba, na mimi nilikaa pembeni yako nimeshika begi lako kama mjinga.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo nimelizunguka tangu juu ya karatasi.

Daktari hakusema hivyo. Ni kweli alinipima. Ulipotoka aliniambia nipande kitandani, akitaka kuona goti lililokatika miaka sita iliyopita na likachezewa hivyo hivyo, kwa sababu alisema hajawahi kuona. Akavuta, akageuza, akavuta tena. Akaniangalia. Akasema goti hili halijawahi kukatika. Akauliza kama ni mguu wa pili. Nikasema si wa pili. Akauliza basi ni hadithi gani mdogo wangu anaisimulia. Nikavaa suruali yangu nikatoka.

Siku ile ya fainali yetu ya mpira wa miguu na timu ya Endasak sikuumia, Fransiska. Hakuna kilichokatika, hakuna kilichovimba. Unakumbuka goli walilotufunga? Wewe ulikuwa na miaka kumi na tatu, umekaa begani kwa baba kama mtoto mdogo ili uone. Mimi ndiye niliyemrudishia kipa mpira mfupi, mshambuliaji wao akauwahi. Malori mawili ya watu wa Masieda yalikuwa yameshuka kunitazama, na wote waliona ni mimi. Dakika chache baadaye nikaguswa bega, bega tu, nikaanguka, na mkono wangu ukashika goti. Nilitaka nitolewe. Nilitaka watu waseme kumbe alikuwa anaumwa. Hiyo ndiyo sababu yote.

Mzee hakunitoa. Alinisimamisha chini ya goli akaniambia nitembee. Nilianza kwa kuchechemea, kuchechemea kwa kuigiza. Nilipofika katikati nikaona watu wamesimama, mama anafungua kitenge chake, baba analia. Nikanyoosha mguu. Kwa nini nisingeunyoosha, wakati mguu ni mzima? Vigelegele vile bado navisikia. Kisha nikafunga lile goli, na usiniulize ingekuwaje kama nisingefunga. Kabla ya siku ile hakuna mtu aliyewahi kutembezwa Masieda. Mzee alianzia kwangu. Amejifunza kazi yake yote kwenye mguu mzima wa mtu mwongo.

Baba akanipa ndama jike. Shule hii ilinichukua kwa jina lile, na kila siku ya michezo mkuu wa shule ananisimamisha mbele ya wanafunzi mia nne anawaeleza juu ya goti langu, nami nasimama. Pascal alinifuata huku shuleni, mwaka wangu wa kwanza wa kazi, kuniuliza nilivumiliaje maumivu. Nikampa ushauri! Nilimwambia asiwaze goti, awaze mpira. Ndiyo maana baba aliposema Pascal alikosa moyo, nilinyamaza. Ukweli ni kwamba Pascal ndiye pekee aliyefanya kile ambacho watu wanadhani nilikifanya mimi, na kimemla mguu.

Nimeandika kurasa hizi nikimkasirikia Mzee, shangazi, baba na hata wewe. Hasira hiyo ni ya kweli, siifuti. Lakini wao wamedanganywa. Mimi sikudanganywa na mtu.

Kwa hiyo usinisikilize kama kaka, maana kaka yako hana haki ya kukuamrisha kitu. Msikilize daktari. Jumamosi Mzee atakapokuita tena chini ya goli, usitembee hata hatua moja. Ukitembea utafika, nakuambia utafika, na watapiga vigelegele, na hapo ndipo utakapokwisha. Kaa chini ardhini ukatae. Watu wa Arusha watakuja tena, na kama hawaji, heri ukose timu ukiwa na goti. Daktari amesema liko tumaini la kulitengeneza ukiliacha bila kulisaga. Yule ndama wa baba sasa ni ng'ombe mwenye ndama wake wawili, na ni mali yangu. Wote watatu watauzwa kwa ajili ya goti lako. Nimeshamwandikia baba hivyo kwenye karatasi nyingine, bila sababu. Sababu nitampa uso kwa uso.

Mimi nitapanda gari Ijumaa mchana, nitakuwa Dongobesh kabla yenu. Nimekusudia kusimama mbele ya Mzee na timu nzima niseme yote. Lakini unanijua, na sasa unanijua zaidi: mimi ni mtu wa kushika goti mambo yakiwa magumu. Ukiona nimefika nikaanza kusalimia watu na kucheka, usinisubiri. Toa barua hii, mpe yeyote mwenye sauti kubwa aisome hadi mwisho, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo. Pascal awepo. Kama hataki kuja, mwambie nimemwomba.

Najua utanichukia. Nichukie ukiwa umekaa.

Nisalimie majirani wote wa upande wa kisimani, na mama umwambie asifungue kitenge chake kwa ajili ya mtu Jumamosi. Mungu awalinde nyote hadi tutakapoonana.

Ni mimi kaka yako,
Xavery Bonaventura,
ambaye goti lake halijawahi kuumia.