Mota ya Sindano

4 Februari

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Mguu wa Mama unaendeleaje? Mimi mzima wa afya, na nimenenepa. Ukiniona utanitafutia jina jingine, hili la Sindano halinifai tena.

Kaka, inazunguka! Ile mota niliyokueleza, ya nyuzi za DNA, hizohizo zilizomo mwilini mwako na mwa Mama. Hapa maabara tunazikunja zinakuwa kitako na mkono, kitako tunakigandisha kwenye kioo. Ukizipanga mota mia kadhaa hazijafikia unene wa unywele. Mafuta yake nayo ni vipande vifupi vya DNA. Tunayadondosha majini, mota inayatumia kujisukuma kwenda kulia. Nakutumia filamu kwenye simu. Hiyo nukta ya kijani ndiyo ncha ya mkono, tumeitia rangi inayong'aa ili tuione kwa hadubini.

Wewe umesuka mota kwa waya wa shaba tangu sina meno, na mikono hiyohiyo ndiyo iliyonisomesha. Hii ni yako pia.

Mdogo wako,
Sindano


15 Februari

Sindano mdogo wangu,

Marahaba, tena marahaba. Sisi wazima. Mguu wa Mama umepungua uvimbe, mdomo wake ndio haujapungua. Anauliza: mota hiyo ikianguka chini, mnaiokotaje?

Filamu nimeitazama mpaka simu ikapata moto. Kila anayeleta pampu au feni hapa karakana namwambia kaa kwanza kwenye benchi uone mambo ya dada yangu. Seremala wa jirani alisema anaona mbu wa kijani tu. Nikamfukuza, akarudi na mkewe. Mlangoni nimeandika kwa rangi nyekundu: TUNASUKA MOTA ZA UKUBWA WOWOTE. Watu wanacheka, nami nacheka nao, lakini moyoni najidai kwelikweli. Tangu Baba atutoke sijapata jambo la kujidai nalo hivi.

Lete nyingine.

Kaka yako


2 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote.

Filamu nyingine bado. Profesa ameipenda ile ya kwanza, ataionyesha kwenye mkutano wa wataalamu wenzake. Kazi ni nyingi. Tafadhali usiwe unaionyesha ovyo.

Mdogo wako


11 Machi

Sindano,

Marahaba. Sisi hatujambo, wewe je? Mama alinitaka niirudie barua yako, akidhani nimeruka mstari unaosema u mzima. Haupo. Unaumwa?

Kuhusu kuionyesha, umechelewa. Hata mwalimu wako wa hesabu amekuja. Aliitazama amesimama, akavua kofia. Mkutano ukipita tuandikie walivyopiga makofi.

Kaka yako


20 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo, ingawa sina uso wa kukuamkia. Umeniandikia, umenipigia, nimenyamaza. Siumwi, lakini si mzima.

Mota haikuzunguka.

Kabla ya ile barua yangu ya Machi nilifungua friza ili nirudie kazi. Nikakuta kichupa cha mafuta cha siku ile, kina mwandiko wangu, hakijafunguliwa. Nilikuwa nimedondosha maji ya chumvi matupu. Kitu kidogo kiasi kile hakitulii majini, maji yenyewe hukipiga kumbo huku na huku. Kikipigwa kumbo kuelekea kulia mara kadhaa, unaona kinazunguka. Na zilikuwepo nyingi zilizokwenda kushoto, Kaka. Niliziandika mbovu, nikaziweka kando, nikakukatia filamu ya zile zilizonifurahisha. Sikukusudia kudanganya. Nilitamani mno kuona.

Lakini baada ya kukiona kichupa nilijua, na nikanyamaza. Mkutanoni nilikaa safu ya mbele. Profesa akanitaja, watu wakapiga makofi, nami nikasimama nikainama kuwashukuru. Niliinama, Kaka! Kila nikikumbuka uso unaniwaka. Sasa naingia maabara kama mwizi. Mwenzangu wa meza ya pili anarudia kazi yangu na haimtokei, anadhani yeye ndiye hajui. Kila siku ananiuliza anakosea wapi, na mimi namjibu ajaribu tena.

Sijamwambia mtu ila wewe. Nikisema huenda nikafukuzwa. Nifanye nini?

Mdogo wako


28 Mei

Salamu.

Barua nimeipata. Mama sijamsomea, nimemwambia ni ya mteja. Kwa hiyo na mimi sasa nasema uongo.

Kukosea nakujua. Nimewahi kusuka mota ikatoa moshi mbele ya mwenyewe. Kinachonichoma ni huyo mwenzako. Unamtazama mtu anajiona mjinga kwa kosa lako, kisha unakunywa naye chai. Hukulelewa hivyo. Na kama ulilelewa hivyo, basi mlezi ni mimi, na aibu hiyo ni yangu.

Usiniulize ufanye nini. Mficha maradhi, kifo humuumbua, hilo unalijua. Usiniandikie tena mpaka uwe umeshasema.

Fundi


9 Agosti

Kaka, au Fundi ukipenda,

Shikamoo. Mama hajambo?

Nimesema. Nilianza na mwenzangu. Hakunitukana. Alisema, "Nilishaanza kufungasha vitu vyangu," akatoka nje. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Kisha akawaandikia wote waliokuwa mkutanoni, na mimi nimeketi pembeni yake nikimsomea tarehe za majaribio. Hawakunifukuza. Wameniondoa kwenye mota, sasa nabandika lebo kwenye vichupa vya wenzangu na kuosha vioo vyao. Nikipita wananyamaza. Wana haki.

Mota haijazunguka mpaka leo, si yangu wala ya mtu mwingine hapa. Mwambie Mama imeanguka chini na sijui pa kuiokota. Futa filamu, na yale maandishi ya mlangoni yafute pia. Naona haya nikifikiria watu wanapita wakiyasoma.

Mimi mzima, si sana.

Mdogo wako


21 Agosti

Sindano mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama nimemsomea barua zote, hata ile niliyomficha, na kwa kumficha nimetukanwa ipasavyo. Kuhusu mota anasema: kama imeanguka, ainame aitafute, mgongo anao.

Mlango nimeupaka rangi upya, ila nyekundu bado inachungulia kwa chini. Kisha nikawaendea watu mmoja mmoja. Ilikuwa aibu, sikufichi. Seremala alicheka mpaka akakaa juu ya randa yake. Nilipofika kwa mwalimu wako nilimwambia mota haikuwa na mafuta. Akauliza, "Nani kagundua?" Nikamjibu, mwenyewe. Akaomba aione tena.

Kwa hiyo filamu sijaifuta. Mteja akiniuliza habari za mota ya dada yangu, namkalisha kwenye benchi lilelile, namwonyesha. Namwambia itazame vizuri, hii haizunguki, inasukumwa na maji tu. Wengine wanabisha, wanasema mbona wanaiona inazunguka. Nawaambia hapana, haizunguki, dada yangu ameniambia.

Kaka yako