Mama Alifunika Mashine Yako

Dada yangu Akinyi,

Naandika nikiwa na aibu, na afadhali nikuambie hiyo kwanza ndio usifikirie nataka kitu. Unajua mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiacha njiani, na hata kuongea na watu inanishinda. Lakini kuna mambo imetokea huku Endarasha na jina yako iko ndani, na sitaki uisikie kwa mtu mwingine.

Unakumbuka ile siku gari yenu ya chuo kikuu ilikwama kwa matope hapo kwa geti yetu? Mlikuwa watatu. Wewe wa mimea, yule kijana wa kompyuta alikuwa ameinua simu juu akitafuta netiweki, na mwalimu wenu wa hesabu, yule mzee alikuja shamba na viatu ya kanisa. Mama akatoka na jembe, akawaangalia, akafikiria nyinyi ni watu wa stima. Akasema, "Kama mmekuja kukata, hata hatujawahi kuwekewa." Ulicheka mpaka ukashika geti. Kutoka hapo Mama alikupenda, na ukapewa ile nyumba ndogo ya mbao ukae msimu mzima.

Mimi nilikuwa nawaangalia tu. Sikuwa naelewa watu wa kusomea mimea, kompyuta na hesabu wanatafuta nini pamoja kwa bonde ya kulima viazi, hizi waru zetu. Wewe ndio ulinieleza, tukiwa tumebeba zile milingoti za kushikilia mashine kwa bega. Ulisema wewe unataka kujua jani ya waru inafanya nini ndani yake ikishikwa na baridi ile ya kuchoma. Kijana wa kompyuta anataka zile mashine ndogo za kupima baridi ziongee zenyewe, kwa sababu huku chini simu hazishiki. Moja inaambia jirani yake vile baridi iko, jirani inaambia mwingine, mpaka ile ya juu kwa kilima inatuma maneno Nyeri. Halafu mzee wa hesabu anachukua hizo namba zote anapata kesho. Ndio ulisema hivyo, "anapata kesho." Niliipenda hiyo maneno. Nilikuwa najiambia hiyo nikilima peke yangu.

Na ulisema mashine ya kwetu ndio ya maana kuliko zote. Shamba yetu iko chini kabisa, na baridi inateremka kama maji, inakuja kulala kwetu kwanza. Kwa hivyo hesabu yote ilikuwa inaangalia mashine ya kwetu ndio ijue kama watu wataambiwa wamwagilie shamba maji jioni ndio waru isichomeke. Watu walicheka mwanzo. Halafu ile meseji ya kwanza ikakuja, wale walimwagilia wakaokoa waru, wale hawakumwagilia wakaungua. Mzee Theuri, yule mwenyekiti wa kikundi ya waru, akaanza kuonyesha watu simu yake kwa soko. "Leo tumwagilie, msichana wetu amesema." Msichana wetu. Hiyo nilisikia na masikio yangu.

Sasa, nyumba yetu unaijua. Viti iko na vitambaa, meza iko na kitambaa, redio iko na yake, hata ile tivi ya zamani yenye haiwaki imefunikwa na maua ya uzi. Kwa Mama kitu ya maana haikai uchi. Ulikuwa unamchokoza, unamwuliza kama ng'ombe pia atashonewa, na yeye anakwambia, "Wewe cheka, siku utaolewa utakuja kuniomba."

Halafu ukaenda kampasi kuonyesha wakubwa wako kazi. Baridi ikazidi. Mama akawa anapita hapo kwa mashine akienda kuchota maji, na kila mara anasimama. Siku moja akasema, "Hii kitu ya mgeni imesimama hapa kama yatima, na watu wa kanisa wakipita wanaona." Akachukua sufu nzito, ile alikuwa ameweka ya kushona sweta, akaifanyia kifuniko ya kijani na ua nyeupe mbele. Mimi nilishika mlingoti ndio yeye afunge kamba vizuri. Alirudi nyuma akaangalia, akasema, "Sasa inakaa kama kitu iko na wenyewe." Na mimi niliona imependeza. Hatukujua, Akinyi. Hakuna hata mmoja wetu alijua.

Mashine ikakaa kwa joto yake. Ile baridi ikakuja, meseji haikukuja. Asubuhi bonde ilikuwa nyeupe yote, na jua ilipotoka waru zote zikawa nyeusi, kwetu na kwa kila mtu.

Ulirudi siku hiyo hiyo. Kabla ya kuenda kwa mkutano Mzee Theuri alikuwa ameita tuliteremka pamoja mpaka chini kwa mashine, na ukaona kifuniko. Mimi nilikuangalia uso ndio nikaelewa kitu tumefanya. Uliivua polepole, ukaikunja, ukaiweka kwa mfuko yako.

"Muchiri, mama asijue."

"Lakini watasema ni wewe."

"Wacha waseme. Alikuwa ananitunzia kitu yangu. Asijue."

Ukaenda ukasimama mbele ya watu, ukasema hesabu yenu ilikosea na mnaomba msamaha. Hukutaja kitu ingine. Mzee Theuri akakuuliza kama chuo ndio hiyo imekufundisha kuua watu njaa. Halafu akasema, "Rudi kwenu ziwani ukahesabu samaki." Watu walicheka. Hata watu wa kanisa letu, watu walikunywa chai na wewe. Mimi nilikuwa nimesimama kwa ukuta, na hiyo kicheko bado iko kwa masikio yangu. Kama uliwahi kufikiria hakuna mtu wa huku alisikia uchungu, nilisikia.

Lakini kitu iliniumiza zaidi ni vile tulifika nyumbani. Mama alikuwa amekasirika sana kwa ajili yako. Alikufungia chapati kwa karatasi, akakushika mkono, akakuambia, "Usijali, mtoto wangu. Kukosea ni ya kila mtu. Hata wewe umesoma utakosea." Na ukamwangalia, ukasema, "Ndio, mama." Nilitoka nje. Sikuweza kuangalia.

Baadaye tulisikia ile kazi ilifungwa, na wewe ulitoka kwa mambo ya utafiti. Kuna mtu wa kuleta mchele kutoka Mwea aliniambia unafundisha huko shule ya sekondari. Sikumwambia Mama. Yeye alikuwa anakuombea ukuwe profesa.

Sasa ndio nifike kwa ile kitu imenifanya nikuandikie.

Wiki imepita chuo ilituma watu wengine, vijana wawili na mama mmoja wa heshima, waulize kama bonde itakubali mashine tena. Mkutano ikawa kwa uwanja wa kanisa. Mama alikaa mbele na wamama wenzake, sufu kwa mapaja, anashona akisikiliza kama kawaida yake. Mzee Theuri akasimama akasema hapana. Akasema, "Hao watu walitudanganya. Yule msichana hakuwa anapima kitu. Alikuwa analala kwa Mama Muchiri akikula chapati, jioni anatuma uongo." Mama akasema kwa sauti, "Akinyi hakuwa mvivu." Mzee akamjibu, "Basi tuambie ni nini iliharibika, wewe mwenye uliishi na yeye." Mama akainamia sufu yake. Wakaanza kumcheka yeye sasa, ati amelishwa dawa na Mjaluo.

Nikasimama. Sijui miguu ilitoka wapi. Mimi huyu, nikitumwa duka huwa nangoja watu wote watoke ndio niseme nataka chumvi. Nikasema, "Mashine ilifunikwa. Mama yangu aliishonea kifuniko ndio isisikie baridi. Ndio sababu haikusema kitu. Akinyi aliiona na akanyamaza."

Halafu mmoja akasema huko nyuma, "Kumbe ilivaa sweta," na uwanja mzima ikaanguka na kicheko. Watu walilia machozi. Mzee Theuri mwenyewe alikaa chini akashika tumbo. Hata wale vijana wa chuo walikuwa wanauma midomo.

Mimi nilimwangalia Mama. Mikono yake ilikuwa imesimama. Alikunja sufu yake, akainuka, akapita katikati ya watu bila haraka, akaenda. Nilimfuata kwa barabara nikiwa nyuma sana, kama mtu anafuata ng'ombe ya wenyewe. Hakugeuka.

Jina yako imesafishwa, Akinyi. Nataka ujue. Jioni hiyo Mzee Theuri alikuja mpaka kwa geti, akaniambia alikukosea na anataka namba yako akupigie. Lakini wewe ulikuwa umelipa na kazi yako ndio Mama asijue, na mimi nikaenda nikamwaga yote mbele ya watu, na yeye akiwa amekaa hapo. Sikumwambia kwanza nyumbani. Hata sikumwita kando. Nilikuokoa wewe mwenye hauko nikamtupa yeye mwenye alikuwa hapo mbele yangu. Sijui kama nilifanya vizuri. Nikilima nafikiria hivi, nikimaliza laini moja nafikiria vile ingine.

Jumapili hakwenda kanisa. Chama ya wamama ya Alhamisi pia hakuenda. Kwa soko vijana wa boda walimwita, "Mama, tushonee pikipiki kofia, inasikia baridi." Alinunua kitunguu yake akarudi. Kwangu alikuwa anaweka chakula kwa meza na kutoka.

Halafu juzi mchana, tukichagua mbegu ya waru, akaniuliza bila kuinua macho.

"Akinyi alijua?"

"Alijua."

"Ile siku nilimwambia asijali, alikuwa anajua?"

"Ndio."

Akatupa kando mbegu moja imeoza. Akasema, "Alinifanya mtoto. Na wewe pia."

Nilitaka kusema ulikuwa unamhurumia. Lakini niliona hiyo ndio kitu yenyewe anasema.

Halafu akauliza, "Hiyo mashine, ilikuwa inasikia baridi na nini? Iko na masikio wapi?"

Nikaanza kumjibu. Nikasema iko na kitu ndani. Akauliza kitu gani. Nikasema inaambia jirani. Akauliza inaambia jirani na mdomo gani, na kama mimi najua, kwa nini sikumwambia siku ile nilimshikia mlingoti. Na hapo, dada, ndio aibu ilinishika kweli, kuliko ile ya mkutano. Kwa sababu ule msimu mzima sisi wawili tulikuwa tunapita na hiyo hadithi hapo jikoni, wewe ukinieleza, mimi nikiitikia, na yeye akitumiminia chai. Mashine imesimama kwa shamba yake. Uliomba ruhusa ya kuiweka, akakubali, ukasema asante. Hakuna mtu alimwambia inafanya nini. Tulimwona ni mtu wa chapati. Wewe ulikuwa mgeni, lakini mimi ni mtoto wake, na nilijua anapenda kuuliza. Nilikuwa nasikia vizuri kuwa mimi tu ndio naelezwa. Mtu hajasoma akipata mtu amesoma wa kuongea na yeye, anataka kumweka peke yake. Hiyo ndio ukweli yangu.

Kikundi imekubali mashine zirudi. Lakini hesabu bado inataka ile ya chini kabisa, na chini kabisa ni kwetu. Wale watu wa chuo walikuja jana na barua ya ruhusa aweke sahihi. Mama akawapa chai. Akawaambia hataweka kidole hapo mpaka yule msichana wa kwanza akuje amwelezee yeye mwenyewe, kutoka mwanzo mpaka mwisho, akiwa ameketi. Yule mama wa heshima akasema wanaweza kumwelezea wao. Mama akasema, "Hapana. Yeye ndio alikula kwangu."

Kwa hivyo wamerudi Nyeri wanangoja, na bonde yote inangoja. Sasa watu ndio wananiuliza mimi kwa barabara, "Umemwandikia?"

Najua hii si haki. Tulikufukuza, ukapoteza kazi, na sasa tunakuita uje ujibu maswali. Ukikataa hakuna mtu ako na haki ya kulalamika, na mimi nitawaambia hivyo. Nimezoea kusimama sasa, kidogo. Lakini ukikuja, usilete pole. Lete hizo vitu zenyewe, ufungue umwonyeshe ndani, ile waya inasikia na ile inaongea. Mimi nitaketi hapo kando, na hiyo siku sitaitikia kama mtu anajua.

Nilimwuliza Mama leo asubuhi kama kuna kitu anataka nikuandikie. Alikuwa anafunga kitambaa kwa kichwa, anaelekea kukamua. Akasema, "Mwambie nimekasirika." Nikaandika. Akafika kwa mlango akasimama.

"Na asikuje Alhamisi," akasema. "Alhamisi naenda chama."

Mimi ndugu yako mdogo wa Endarasha,
Muchiri