Samaki Sita wa Mwalimu Télesphore

Buyenzi, Avenue ya 9,
Bujumbura.
Jumapili, 20 Juni 2004

Mpendwa mdogo wangu Seifu,

Assalamu alaikum. Hujambo wewe, hajambo wifi yangu Raihana, na mtoto je, ameota meno au bado anatafuna kwa fizi? Baridi ya huko Göteborg imepungua? Kwenye picha mliyotuma umejifunika mpaka pua haionekani. Mama aliitazama sana, kisha akauliza kama kweli ni wewe au wametutumia mtu mwingine.

Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Shemeji yako Moubarak yuko gereji kama kawaida, ananuka oili kama kawaida. Mama miguu inamuuma asubuhi, lakini mdomo haujamuuma hata siku moja.

Mji umetulia kiasi. Kuna siku bado tunasikia milio huko milimani, na barabara ya kusini leo inafunguliwa, kesho inafungwa. Lakini mwezi huu tumelala vizuri, na sokoni watu wanacheka.

Katika barua yako ya Januari uliuliza nyumba yako ya Bwiza imebaki nini. Nimekuandikia mara mbili tangu hapo, na mara zote mbili nilijifanya sikuliona swali. Leo nitalijibu, wallahi. Ila uniache nianzie ninapotaka mimi, maana jibu lenyewe limepitia kwenye bafu.

Ndiyo, bafu la kuogea. Jeupe, refu, la chuma, lilitolewa kwenye jumba moja la Kiriri lililokuwa linakarabatiwa, na Moubarak akalileta uani kwetu kwa mkokoteni. Mtaa mzima ukatoka nje kuangalia. Wakasema Mwantum sasa ameshakuwa tajiri, anataka kuoga amelala. Kumbe waogaji ni chaza.

Unawakumbuka chaza wa ziwani? Wale wanaong'ang'ania mawe kule kusini, waliokuchana kisigino ukalia njia nzima hadi nyumbani, na mimi nikakubeba mgongoni? Wamekwisha, Seifu. Vilima vimebaki uchi kwa sababu ya watu kukimbia na kutafuta kuni, mvua inashusha udongo, udongo unafunika mawe. Wachache waliobaki watu wamewachoma kwa ajili ya chokaa, au wamewasaga kulisha kuku. Hata mimi nimewahi kuwasaga, sisemi uongo.

Sasa yuko mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Télesphore, mtu mwembamba, miwani yake imefungwa kwa waya. Yeye anataka kuwarudisha. Wazo lake ni kuzalisha watoto wa chaza kwenye maji ya kufugia, wakikua kidogo wapelekwe kwenye mawe yao. Siku moja, anasema, hata watu wa pwani ya ziwa wanaweza kuwafuga wenyewe, wale nyama, wauze magamba, na mawe yaachwe yapumzike. Tatizo lilikuwa moja: hakuna aliyejua vizuri hao watoto wanakaa wapi kabla hawajashika jiwe. Vitabu vyake vilidhani kwanza wanapanda juu ya samaki.

Basi akaja sokoni na vitabu vyake, akawa anawauliza wanawake wanaosafisha samaki. Wenzangu walimcheka. Mimi nikamwambia, mwalimu, samaki wanaotoka upande wa mawe, miezi ya mvua, wana vipunje kwenye matamvua, pale pekundu wanapopumulia, vyeupe kama unga wa muhogo. Miaka ishirini nimevikwangua nikidhani ni ugonjwa, kumbe ni watoto wa chaza. Yule bwana alinishika mikono yote miwili, imejaa magamba ya samaki, mbele ya watu! Nikaona haya, lakini nilifurahi pia.

Tangu siku hiyo nimekuwa msaidizi wake. Jina langu limeandikwa kwenye karatasi za chuo, Mwantum wa Buyenzi, mimi niliyeishia darasa la sita. Mwanzoni kazi ilikuwa kwenye bohari moja ya Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, lakini mwezi wa Machi mwenye bohari alilihitaji. Hapo ndipo bafu likaingia kwetu. Moubarak alichukua ile pampu inayorusha maji kwenye kioo cha gari, akaifunga kwenye betri, maji yakawa yanazunguka siku nzima. Kutoka Uvira, upande wa Kongo, mvuvi mmoja anaitwa Namegabe alituletea chaza wakubwa tisa wamefungwa kwenye magunia mabichi, akapita nao mpakani Gatumba. Askari walimwuliza mawe haya ya nini, akawajibu ni mawe ya mwalimu, wakamwachia.

Tulipanga mawe ndani ya bafu, chini kabisa. Mwalimu akasema vigae pia ni vizuri, vipakwe chokaa, watoto wa chaza wanapenda kushika hapo. Mama alikuwa amekaa mlangoni anasikiliza. Akaingia ndani, akarudi na vigae vitatu vimefungwa kwenye kitenge, akasema tu, "Nawaazima. Vitarudi." Nikavishika kwa adabu, nikavipaka chokaa. Tarehe kumi na mbili Aprili tukatia samaki sita, tilapia, wazima na wenye afya.

Kazi yangu ilikuwa kuandika kwenye daftari kila asubuhi: maji yana joto gani, samaki wamekula au hawakula. Siku ya tano mwalimu alimwinua mmoja, akafungua shavu, akanipa lensi yake. Vipunje! Vile vile vyangu! Nilipiga vigelegele mpaka jirani akauliza nani kajifungua. Mwalimu akasema sasa tuwe na subira, watakaa humo mwezi mzima, halafu wataanguka wenyewe na kushika jiwe. Lakini pia aliniambia jambo lililonikosesha raha. Wakubwa wa chuo watakuja mwezi wa Juni. Wakiona mtoto mmoja mzima wa chaza, kazi itaendelea. Wasipoona, inafungwa, chaza warudishwe Uvira na mimi nirudi kwenye kisu changu.

Kwa hiyo nilimwonya Mama kila siku. Mama, usiguse chaza. Mama, chaza hawaguswi. Alichoka kunisikia.

Tarehe nne Mei nilikuwa sokoni. Mwalimu akapita nyumbani bila taarifa, saa sita za mchana, jua kali, kijasho kinamtoka. Nyumbani yuko Mama peke yake. Mgeni wa chuo kikuu huyo, mtu mkubwa, na jikoni hakuna hata kisamaki kimoja cha ndagala. Mama akamkalisha kwenye kivuli, akampa maji ya kunywa, akazunguka nyuma ya nyumba. Huko bafuni kulikuwa na tilapia sita wanono.

Nilipofika, mwalimu alikuwa amemaliza. Wallahi Seifu, sahani ilikuwa nyeupe. Miiba imepangwa pembeni vizuri. Ananawa mikono huku anamsifu Mama, eti tangu ukweni hajala samaki wa namna ile, pilipili imekaa mahali pake, na nyanya na kila kitu. Halafu akanigeukia, akasema, "Haya, Mwantum, twende tuwaone samaki wetu."

Tukaenda. Tukatazama maji. Maji nayo yakatutazama.

"Mama," nikasema, "samaki wako wapi?"

"Si huyu amewakula?" Mama akajibu. "Mugeni amekuya mu nyumba, mi nimupe maji tupu? Apana!"

"Nilikuambia usiguse!"

"Ulisema chaza. Mi nimegusa chaza? Wahesabu! Samaki hukusema."

Ni kweli. Sikusema. Niliwahesabu chaza, walikuwa tisa. Mwalimu akakaa juu ya ukingo wa bafu, akavua miwani, akasema polepole, "Nimekula kazi ya miaka mitatu. Na nikaongeza ugali." Sikujua nilie au nicheke. Nililia. Niliona lile jina langu kwenye karatasi likifutwa kwa kifutio.

Mwalimu alisema tumwage maji, tusafishe bafu, tuanze upya, ingawa tulijua Juni haitatungoja. Akashika kizibo. Hapo kichwa changu kikarudi. Nikamwambia, ngoja kwanza. Nikamwuliza Mama matumbo na matamvua ametupa wapi. Akanionyesha jalala, nyuma ya banda. Nikamfukuza paka, nikachakura kwenye majivu na maganda ya ndizi, mimi msaidizi wa chuo kikuu, nikapata matamvua ya samaki wanne. Nikayaosha, nikayaweka kwenye kiganja, nikamwita mwalimu na lensi yake.

Safi, mdogo wangu. Mekundu, hayana kipunje hata kimoja. Nikamwambia, mwalimu, hawa nawajua, nimewasafisha maisha yangu yote. Vipunje havitoki kwa maji ya kuoshea, ni lazima ukwangue kwa kisu, na Mama hajakwangua matamvua, ameyang'oa na kuyatupa. Kama havipo, basi vilishashuka vyenyewe. Watoto wamo humu bafuni. Usitoe kizibo.

Akachukua daftari langu. Daftari lilisema siku ishirini na mbili, kitabu chake kilisema mwezi. Akakiachia kizibo. Akasema basi, na tuliamini daftari.

Hizo wiki zilizofuata sitaki kuzikumbuka. Kila asubuhi napiga magoti mbele ya bafu na lensi, sioni kitu. Nilimnunia Mama siku tatu nzima, naye akaninunia siku nne, ili ashinde. Moubarak akawa anabeba maneno kati yetu kama balozi.

Tarehe ishirini na tisa Mei aliyeniita ni Mama. Na miwani yake ile ya kusomea Kurani! "We, kuya huku. Hii ni uchafu ao ni mutoto?" Nikainama. Juu ya kigae, kwenye chokaa, kulikuwa na kitu kama kichwa cha kiberiti, chenye ukingo unaong'aa. Nikaweka lensi. Kikafunga mdomo! Seifu, kile kidude kilinifungia mdomo!

Tulihesabu wote pamoja, mwalimu naye alikuja mbio akaacha darasa. Kumi na watatu. Juu ya mawe, hakuna hata mmoja. Wote kumi na watatu wamekaa kwenye vigae vya Mama. Wakubwa walikuja Alhamisi iliyopita, wanne na tai zao, wakapanga foleni uani kwetu kutazama kwenye lensi. Kazi inaendelea. Mwalimu anasema tusitangaze sana, mara moja si sheria, ni lazima turudie mara tatu na Namegabe ajaribu upande wa Uvira pia. Na bafu limewekewa kufuli.

Sasa swali lako. Nyumba yako haipo, Seifu. Kuta zililala chini mvua zile zile za mwaka ulioondoka, milango na madirisha vikachukuliwa. Moubarak alikwenda na mkokoteni, akakuta vigae vitatu tu vizima. Mama alivifunga kwenye kitenge akaviweka chini ya kitanda chake. Miaka tisa hakuna aliyeruhusiwa kufagia pale, wala yeye hakukanyaga Bwiza, wala hakuitaja nyumba hiyo. Ndivyo vigae alivyotoa siku ile, na mimi sikuuliza, kwa kuwa nilivitambua.

Sasa kila asubuhi anakaa kando ya bafu na chai yake, anawasalimia. Anawaita watu wa Seifu. Anasema umepata wapangaji kumi na watatu na hawalipi kodi, wamerithi ubahili wote wa wapangaji wa Bwiza. Mwalimu alipoomba ruhusa ya kuvishusha vigae ziwani mvua zikianza, pale pale ulipojichana kisigino, nilidhani atakataa. Mama akaweka chai chini, akamwambia, "Vipeleke. Lakini andika mahali. Mwenye nyumba akirudi, aonyeshwe."

Mwalimu ameandika. Niliona mwenyewe kwenye daftari: Nyumba ya Seifu, kigae cha kwanza, cha pili, cha tatu.

Msalimie sana Raihana, mbusu mtoto kwenye hayo mafizi. Moubarak anakusalimia, Mama anakuombea dua kila swala na anasema ule vizuri. Namegabe humjui, lakini naye anakusalimu kama mwenye nyumba. Mungu awalinde huko kwenye theluji, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni siku ile na ninayekupenda mpaka leo,

Mwantum