Gobole Lililofungwa kwenye Mkorosho

Kaka Bakari,

Mungu akupanulie nafasi huko uliko. Sisi tupo. Nakuandikia kwenye daftari la hesabu la Mwajuma, kurasa za nyuma ambazo hakuzimaliza. Mtoto amelala mgongoni mwangu. Huyu hukumwona, alizaliwa wewe umeshatutoka. Wa kiume. Halii sana, ila kwa kunyonya hana mpinzani.

Nimenunua gobole. Hilo ndilo nililotaka kukwambia, mengine yanafuata.

Ungecheka. Au ungekasirika, sijui. Siku hizi hata sauti yako naikumbuka vipande vipande. Nakumbuka ulivyokuwa ukisema "hebu" ukitaka kitu upesi. Nakumbuka ulivyokuwa ukinuka makumbi ya nazi uliyokuwa ukishindilia kwenye mtutu. Sura yako ya kabla ya siku ile nayo naipata. Ya siku zile mbili za mwisho inakuja yenyewe bila kuitwa.

Shemeji yako yuko Kariakoo anauza mitumba. Alisema miezi mitatu, sasa ni mwaka. Watu wote wanasema huko kuna biashara, kila kitu ruksa, na kweli hata hapa Mloka sabuni na nguo tunapata, si kama zamani. Lakini mpunga haulindwi na mtu aliyeko Kariakoo. Mwaka jana, baada ya wewe, nguruwe waliingia shambani kwangu wakaumaliza. Nilikuwa juu ya dungu na debe, napiga debe, nalia, wao wanakula. Hawakuinua hata kichwa. Tukala mihogo mpaka Mwajuma akaacha kuuliza leo tunakula nini.

Basi mwaka huu nikasema hapana. Nikauza mikeka yangu na ile baiskeli yako, wifi aliridhia kwa neno alilomtuma Mwajuma. Nikaenda Kibiti kuomba kibali. Yule bwana wa ofisini aliniuliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia, "Yuko Dar. Nguruwe wako Mloka." Akaandika.

Hapa kijijini wamesema wee. Kisimani Bi Tatu alisema, "Haya, leo mwenzetu ana gobole, Ijumaa atatuswalisha." Wakacheka, nami nikacheka, ndoo yangu ikajaa nikaondoka. Mwingine akaniuliza nikipiga paa nani atanichinjia. Nikamwambia nitachinja mwenyewe kwa bismillahi, anayetaka kula atakula.

Lakini kuna neno jingine wanalolisema nikiwa nimeshapita, nalo unapaswa ulijue. Wamelisema tangu msibani kwako. Kwamba baruti ile nilipima mimi. Kwamba mwanamke amepima baruti kwa mkono wa kupimia unga, gobole likazidiwa, likampasukia kaka yake usoni.

Nilipima mimi, Kaka. Hilo ni kweli. Vipimo viwili vya ile pembe yako ya baruti, kama ulivyonifundisha, kama siku zote. Nilivipangusa kwa kidole vikawa sawasawa. Lakini mwaka mzima nimelala na kuamka najiuliza, je vilikuwa viwili? Au nilikuwa naongea na Mwajuma nikatia cha tatu? Nimeirudia asubuhi ile mpaka imechakaa, siioni tena vizuri. Na wifi, mkeo, mwaka mzima ananipa salamu tu. Habari za asubuhi, nzuri, basi. Sikumlaumu.

Na mhunzi wa magobole huku ni mmoja tu, wewe unajua. Baba yake wifi. Mkweo.

Nilitembea mpaka kwake siku ya Jumanne, mtoto mgongoni, pembe yako kwenye kikapu. Njiani nilikuwa nawaza jambo moja tu. Unakumbuka ulivyonifundisha, enzi zile unaazima magobole ya watu? "Gobole jipya lifunge kwenye mti kwanza. Lijaze, nenda mbali, vuta kwa kamba. Likipasuka umepoteza bomba tu." Kisha wewe mwenyewe ulipokwenda kuchukua lako la kwanza, hilohilo lililokupasukia, kwa Mzee Salehe, nami nimekubebea kikapu, ulilipokea kwa mikono miwili, ukainama, ukasema ahsante Baba. Hukuligeuza hata kuchungulia mtutu. Njiani nikakuuliza, mbona hamkulifunga kwenye mti? Ukanijibu, "Nyamaza wewe. Yule ni mkwe." Ulikuwa huwezi kula naye sahani moja, ungewezaje kumwambia gobole lake lijaribiwe kama la mwizi?

Nikanyamaza. Nilikuwa nimekwenda hapo kubeba kikapu.

Mzee amekonda. Kibanda chake cha kufulia chuma kina majivu ya zamani. Alinipokea vizuri, mkewe, mama mkweo, akaleta maji. Akatoa magobole mawili. Moja refu, jepesi, mti wake ameung'arisha kwa mafuta, zuri kulitazama. Jingine fupi, zito, jeusi, mtutu wake umetokana na fimbo ya usukani ya lori bovu. Hakutaka kunishika bega kunipima, akampa mkewe uzi. Mama mkwe akanipima kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole, kisha akauweka ule uzi kwenye kitako cha kila gobole. Lile refu lilinizidi. Mzee akasema, "Litakatwa, si kazi. Chukua hili refu, mwanangu, halitakuchosha."

Nikalishika. Kweli jepesi. Ningeweza kusema ahsante Baba.

Nikasema, "Baba, naomba tuyafunge kwenye mti kwanza."

Mama mkwe akasimama na uzi wake mkononi. Mzee akatazama chini. Moyoni hamkuwa na kitu, Kaka, kama mtu anayesema maneno ya mtu mwingine.

"Unanishuku?"

"Nakuheshimu, Baba. Ila nina watoto watatu."

Akaingia ndani. Nikadhani amekwenda kukaa mpaka niondoke. Akatoka na kamba, na kitu kirefu ndani ya gunia. Akakifungua. Gobole. Nikalijua kabla hajasema, maana lilikuwa pacha wa lako. Kila kitu kama chako, mpaka ule waya wa shaba shingoni.

"Bomba lilikuwa moja," akasema. "Nililikata vipande viwili, kimoja chake, kimoja hiki. Jipya, la dukani, linang'aa. Miaka yote nahangaika na vyuma vya magari mabovu, leo napata jipya, nikadhani jipya ndiyo zima. Hili sijamuuzia mtu. Anza na hili. Pima kama ulivyompimia mwenzio."

Akalifunga kwenye mkorosho ulio nyuma ya nyumba. Nikatoa pembe. Nikampa mama mkwe mtoto. Kipimo cha kwanza nikakipangusa kwa kidole, nikamwonyesha Mzee, akaitikia kwa kichwa. Cha pili vilevile. Makumbi, goroli, makumbi, nikashindilia. Tukarudi nyuma mpaka kona ya nyumba. Nikavuta kamba.

Lilipasuka, Kaka. Mara ya kwanza tu. Liliachana ubavuni, urefu wa kiganja, pale bomba lilipoungwa kiwandani. Gome la mkorosho liliruka. Mtoto akalia, watoto wa jirani wakaja mbio, mama mkwe akawafukuza.

Vipimo viwili. Vilikuwa viwili.

Nilingoja nijisikie kitu. Nilidhani nikijua nitaanguka chini, au nitacheka, au mzigo utashuka. Niliona tu kwamba jua limepanda na kwamba titi limejaa maziwa, kanga imelowa. Nikakaa nikamnyonyesha.

Mzee naye alikaa, juu ya kinu. Akasema bila kuniangalia, "Siku ile alipokuja, kamba nilikuwa nimeshaitoa. Ilikuwa hapo mlangoni. Nikangoja aseme tufunge. Hakusema. Nikafikiri, nikisema mimi, mkwe ataona namfanya mtoto asiyejua kushika gobole. Nikairudisha ndani."

Kamba ilikuwa mlangoni. Wewe ulimstahi, naye alikustahi. Nami nilikuwa nimesimama katikati yenu na kikapu, nami nilikuwa najua.

Tukajaribu yale mawili mengine, mara tatu kila moja. Hayakuwa na neno. Yote mawili, kazi nzima, haikuchukua hata muda wa kuivisha chai. Nikachagua lile fupi. Ni zito, lakini kitako chake kinanitosha bila kukatwa, na mtutu haugongi miti nikiwa na mtoto mgongoni. Lile refu zuri, ila ni la mtu asiyebeba kitu kingine. Mzee akasema hatafua tena magobole, kwamba yale ni ya mwisho. Nikamwambia, "Utafua, Baba. Watu wana mashamba. Ila kila moja utalifunga hapo, awe mkwe, awe nani." Sijui nilipata wapi ulimi huo.

Alivaa kofia yake, akabeba lile lililopasuka ndani ya gunia, akanifuata mpaka kwa wifi. Ni mbali kwa mzee kama yeye, tulipumzika mara nne. Alipofika hakuketi. Akaliweka mbele ya mwanawe, akamwambia yote, baruti na bomba na kamba, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Wifi alilitazama. Akapitisha kidole pale lilipoachana. Akasema, "Kumbe." Kisha akaja nyuma yangu, akafungua mbeleko, akamtoa mtoto mgongoni, akamweka mapajani mwake. Tangu azaliwe hakuwa amemshika.

Nilijua nitalia, sikulia. Labda machozi yatakuja baadaye.

Mpunga sasa umeanza kutoa mashuke. Juzi nguruwe walikuja jua halijazama, wanane. Nikapima viwili, nikapangusa kwa kidole. Nikavuta. Bega linauma mpaka leo na ni lilelile la kunyonyeshea. Mmoja ameanguka, hatukumgusa, wengine hawajarudi. Wifi anapanda nami dunguni zamu kwa zamu. Anaogopa mlio, anaziba masikio hata kabla sijajaza. Nikamwambia wewe, mtoto wa mhunzi! Akanipiga na kanga mgongoni. Ndiyo mara ya kwanza tumecheka tangu wewe.

Nakuaga hapa, daftari limebaki kurasa mbili na Mwajuma atazitaka. Lala salama, Kaka. Sitakudanganya kwamba nimekubali. Nimeacha tu kujiuliza lile la vipimo. La kikapu bado najiuliza.

Ila nakuahidi hili. Mpunga huu tutauvuna. Wifi anasema baba yake hali vizuri tangu siku ile, anasukuma sahani. Wali wa kwanza wa mchele mpya nitaupika mimi, nitampelekea mkweo kwa miguu yangu, na nitakaa pale mbele yake, haya au si haya, mpaka ale.

Mdogo wako,
Mwanahawa